Aliletwaje? Swali lililozunguka miji minne

Lori la vitunguu halivuki Malaba bila karatasi. Nimesimama pale mara nyingi nikimtazama dereva akipekua bahasha yake: hati ya mzigo, bima, cheti cha mimea, kitambulisho, na bado anarudishwa dirisha la kwanza kwa sababu muhuri mmoja umefifia. Mimi mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye begi moja na mfuko wa mandazi, huulizwa, “Mama, unakaa siku ngapi?” Nikishajibu ndipo muhuri unagongwa.

Katikati ya mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala, wanaume kadhaa walikamatwa Kenya na kuvushwa kuja Uganda. Walituhumiwa kosa zito kuliko yote yaliyowahi kufikishwa mbele ya mahakama zetu za kiraia kwa jina la ugaidi. Hawakupitishwa kwa hakimu wa Kenya kama sheria ya kurejesha watuhumiwa inavyoagiza. Kwa maneno mengine, karatasi zao zilikuwa pungufu kuliko za vitunguu.

Kazi yangu ni ukalimani. Natafsiri Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, na wateja wangu wengi ni ndugu wa mahabusu wanaotoka mbali, wanashuka basi alfajiri na kuuliza gereza la Luzira liko upande gani. Kesi hii sikuitafsiri mimi. Niliifuata kama walivyoifuata watu wengi wa Kisenyi na Old Kampala, kwa miaka karibu sita, nikisoma hukumu moja baada ya nyingine. Jambo lililonishika ni dogo. Kila mahakama iliyoulizwa mtu huyu aliletwaje ilikuwa na sababu nzuri ya kulielekeza swali kwingine.

Nianze na usiku wenyewe, maana bila huo usiku hakuna kesi.

Jumapili, tarehe 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi. Kampala yote ilikuwa nje mbele ya televisheni. Nilikuwa kwa dada yangu Kisenyi, watu kumi na tatu tumebanana kwenye sebule ya watu watano. Bomu la kwanza lililipuka kabla ya saa tano usiku katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Baada ya saa tano yakalipuka mengine katika klabu ya raga ya Kyadondo, watu wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya skrini kubwa. Sisi hatukusikia mlio. Tulichosikia ni simu: moja, kisha tatu, kisha kila mtu sebuleni amesimama na simu sikioni na hakuna anayetazama mpira tena. Waliokufa walikuwa 74. Kesho yake Al-Shabaab wakajitangaza kuwa ndio waliofanya, wakisema wanalipiza kwa sababu ya askari wa Uganda waliokuwa Somalia tangu Machi 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM.

Kwa hiyo anayesoma haya akidhani nawatetea waliotega yale mabomu, arudi asome aya iliyopita.

Wapelelezi hawakuanza gizani. Mkanda wa mabomu uliokuwa haujalipuka ulipatikana katika ukumbi mmoja wa starehe Makindye, pamoja na simu, na simu hiyo ikawa uzi wa kuvuta. Uzi ule ulipita Kampala, ukafika Kenya, ukagusa na Tanzania. Huo ni upelelezi wa kweli, na waliofanya kazi hiyo wanastahili kutajwa kwa heshima. Wakati huohuo mambo mengine yalikwenda mbio. Sheria ya kunasa mawasiliano ya simu, ambayo muswada wake ulikuwa umelala bungeni tangu 2007, ilipitishwa tarehe 14 Julai, siku tatu baada ya milipuko, jiji likiwa bado linazika. Wiki iliyofuata viongozi wa Afrika walikuwa wanawasili Munyonyo kwa mkutano wa Umoja wa Afrika. Mlangoni mwa kila duka kubwa akasimama askari na kile kidude cha kupitishia mwilini, kinacholia kwa mkanda wa suruali, kwa funguo, kwa kila kitu, halafu anakuambia pita. Kinalia mpaka leo, na bado tunaambiwa pita.

Sasa tuje kwenye mpaka.

Kati ya Kenya na Uganda kumtoa mtuhumiwa nchi moja kwenda nyingine ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kenya inazitenga nchi jirani na nchi nyingine za nje, na kwa jirani utaratibu ni mfupi. Polisi wa Uganda anakuja na hati ya kukamata iliyotolewa na mahakama ya kwao. Hakimu wa Kenya anaikagua na kuiidhinisha kwa sahihi yake. Mtu anakamatwa, analetwa mbele ya hakimu, anaulizwa kama ana la kusema, na ikionekana kila kitu kiko sawa anakabidhiwa. Haihitaji mabalozi wala barua za miezi. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba dharura haikuruhusu. Hati ya namna hiyo mtu anaweza kuondoka nayo Kampala asubuhi na ikawa mezani kwa hakimu wa Nairobi kesho yake.

Kinachopotea hakimu akirukwa ni ile nafasi moja ya mtu kusema mbele ya mtu asiye polisi: jina langu ni hili, siyo mimi mnayemtafuta. Au: nimepigwa, tazama mgongo wangu. Au tu mke wake kumwona na kujua yuko hai na anapelekwa wapi. Tena baadhi ya waliovushwa walivushwa baada ya tarehe 27 Agosti 2010, siku Kenya ilipoizindua katiba yake mpya kwa mizinga na nyimbo. Wino ulikuwa haujakauka.

Hapa naomba nitoke pembeni kidogo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hajui Kiswahili kinasikikaje kwenye masikio ya Mganda wa umri wa mama yangu. Kwenu ni lugha ya sokoni, ya shairi, ya kubembeleza mtoto. Huku kwetu kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambini na ya kizuizi cha barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walikuwa wakizingira mtaa na kuwakusanya wanaume, na amri ilikuwa maneno mawili tu: panda gari. Maneno hayo yaligeuka jina la msako wenyewe. Mama yangu, Mnubi wa Bombo anayeota kwa Kiswahili, hadi leo hayasemi. Watoto wakiingia kwenye taxi huwaambia “ingieni”. Basi niliposoma kwamba watu wameingizwa kwenye gari Nairobi na kushushwa Kampala, nililijua jina lake kabla sijaona wanasheria wanaliitaje.

Swali lilianzia Nairobi. Mke wa mmoja wa waliochukuliwa alikwenda Mahakama Kuu kuomba hebiasi kopasi, yaani amri ya polisi kumleta mtu mbele ya jaji, awe mzima au vinginevyo. Jaji alitoa uamuzi mwishoni mwa Septemba 2010. Alikemea vikali jinsi mtu yule alivyotolewa nchini. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ameshavuka, na amri ya jaji wa Nairobi inaishia mpakani. Mwili uliotakiwa kuletwa ulikuwa Luzira. Hasira ya jaji ikabaki kwenye karatasi, na naamini ni karatasi nzuri, ila mke alirudi nyumbani peke yake. Mtu yule muweke akilini, nitamrudia.

Septemba hiyohiyo mtetezi wa haki za binadamu kutoka Kenya, Al-Amin Kimathi, alikuja Kampala pamoja na wakili Mbugua Mureithi kufuatilia kesi ya hao Wakenya. Wote wawili walikamatwa. Wakili aliachiwa baada ya siku chache na kurudishwa kwao. Kimathi alishtakiwa kwa ugaidi na mauaji pamoja na watu aliokuja kuwatazama, akakaa Luzira karibu mwaka mzima. Septemba 2011 mashtaka dhidi yake yakaondolewa, akaenda zake. Sina la kuongeza hapo. Mtu anayeuliza karatasi iko wapi anawekwa chumba kimoja na aliyeletwa bila karatasi, na wengine wote wenye swali hilo wanajifunza kukaa kimya.

London nako swali lilifika. Baadhi ya washtakiwa walidai kwamba waliteswa, na kwamba maofisa wa Marekani na Uingereza walishiriki kuwahoji. Waliiomba mahakama ya Uingereza iilazimishe wizara ya mambo ya nje itoe nyaraka ambazo zingewasaidia katika kesi yao ya Kampala. Mwaka 2012 mahakama ilikataa, na 2013 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Sababu ilikuwa ya utaratibu: ushahidi wa kutumika katika mashauri ya nje una njia yake ya kisheria, na njia hiyo huombwa na mahakama au mamlaka ya mashtaka ya nchi husika. Mtuhumiwa hawezi kuipita peke yake. Yaani kama unataka kuthibitisha kwamba serikali ilikutenda vibaya, mwombe aliyekushtaki akuombee ushahidi.

Arusha ndiko nilikoumia zaidi, labda kwa sababu nilikuwa na matumaini. Mahakama ya Afrika Mashariki imeundwa kwa mambo ya namna hii hasa: nchi mbili wanachama, mpaka mmoja, mkataba unaozungumzia utawala wa sheria. Shauri liliwasilishwa Juni 2011. Kenya na Uganda zikasema limechelewa, kwa kuwa ibara ya 30 ya mkataba inampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu jambo litendeke au tangu alijue. Waombaji wakajibu: tuko gerezani hadi sasa, jambo bado linatendeka, miezi miwili ianze kuhesabiwa lini? Kitengo cha awali kilikubaliana nao Desemba 2011. Aprili 2013 kitengo cha rufani kikakigeuza. Kikasema mkataba hautambui kosa linaloendelea kwa ajili ya kuhesabu muda. Tendo lilitendeka 2010, miezi miwili ilipita, shauri likafutwa.

Nimeisoma hukumu ile mara kadhaa na kwa sheria tupu sioni kwamba ni ya ovyo. Miezi miwili ni miezi miwili. Lakini mfikirie mtu aliyeshushwa nchi ya ugenini na kuwekwa ndani, anayetafuta kwanza wakili wa kumtetea asinyongwe. Nani atamwambia katika siku hizo sitini kwamba kuna mahakama Arusha na saa yake imeshaanza kugonga?

Ikabaki Kampala. Washtakiwa walikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 2011, na kesi ya msingi ikasimama kuwangoja majaji. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mahakama isimhukumu mtu ambaye serikali imemleta kwa kuvunja sheria. Hoja hiyo haikutoka hewani. Kuna kanuni mbili zinazogombana duniani. Ya zamani inasema aliyekamatwa vibaya bado ameshikwa vizuri: mahakama isiulize ameingilia mlango gani. Ya pili ilipata nguvu mwaka 1991 Afrika Kusini, tena katika mahakama ya enzi ya makaburu, pale mpigania uhuru Ebrahim Ismail Ebrahim, aliyetekwa Swaziland na kuhukumiwa miaka 20 kwa uhaini, alipoachiwa kwa sababu mahakama ilisema haikuwa na mamlaka juu ya mtu aliyeibwa nchi nyingine. Miaka miwili baadaye majaji wa juu wa Uingereza nao wakaelekea huko.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mahakama yetu hiyohiyo ya Katiba, Oktoba 2010, mabomu yakiwa na miezi mitatu tu, ilisimamisha kesi ya uhaini dhidi ya kiongozi wa upinzani Kizza Besigye na wenzake. Sababu ilikuwa kwamba serikali ilikuwa imevunja haki zao kupita kiasi, ikiwemo tarehe 16 Novemba 2005, siku askari wenye silaha walipoizingira Mahakama Kuu wakati wa dhamana. Majaji walisema serikali iliyofanya hivyo haiwezi tena kudai haki ya kuwashtaki. Kwa hiyo mlango ulikuwapo, na ulikuwa wazi.

Mwaka 2014 mahakama ilitupilia mbali ombi la watuhumiwa wa mabomu na kuamuru kesi yao iendelee.

Naelewa shinikizo lililokuwa juu ya mabega ya majaji wale. Watu 74 wamekufa, ndugu zao wako kwenye viti vya nyuma, na unaambiwa uifute kesi kwa sababu ya hati ya hakimu wa Kenya. Nadhani ningetetemeka. Lakini kati ya kufuta kesi na kunyamaza kulikuwa na nafasi kubwa. Mahakama inaweza kusema kesi iendelee, na wakati huohuo ikaamua wazi nani alivunja sheria, ikaagiza fidia, ikakataa chochote kilichotamkwa na mtu kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Ibara ya 44 ya katiba yetu inataja mambo machache ambayo hayawezi kupunguzwa kwa hali yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na ile amri ya kuletwa mbele ya jaji. Hakuna palipoandikwa “isipokuwa kuna vita”.

Kesi ilianza kusikilizwa Machi 2015. Tarehe 30 mwezi huohuo mwendesha mashtaka mkuu wake, Joan Kagezi, alipigwa risasi Kiwatule, akiwa amesimamisha gari kununua matunda, watoto wake wakiwa ndani ya gari. Siku hiyo hata sisi tuliokuwa tukilalamikia taratibu tulikosa la kusema. Kesi ikaahirishwa, ikarudi, ikaendelea.

Na sasa sehemu ambayo wanaopenda njia ya mkato hawaipendi. Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliisikiliza kesi ile kama kesi. Tarehe 26 Mei 2016 alisoma hukumu ya washtakiwa 13. Wanane walikutwa na hatia, wakiwemo baadhi ya waliovushwa kutoka Kenya. Kesho yake watano walifungwa maisha, wawili miaka 50 kila mmoja, na wa nane, aliyesaidia baada ya tukio, alipewa mwaka mmoja wa kazi za jamii. Adhabu ya kifo iliombwa, hakuitoa. Watano waliobaki aliwaachia kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Mmoja wa hao watano ni yule mtu ambaye mke wake alikwenda kwa jaji wa Nairobi mwaka 2010.

Hesabu hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Mtu wa usalama ataniambia: unaona, wenye hatia walipatikana, na wasio na hatia waliachiwa, mfumo umefanya kazi, hati ya hakimu ingebadilisha nini? Namjibu kwa heshima, maana baadhi yao ni jirani zangu na tunaitana afande na mama. Wale waliofungwa walifungwa kwa ushahidi uliopimwa na jaji. Ushahidi huo ungekuwa uleule kama wangeletwa kwa hati, na hata rufani zao zingepungukiwa kitu kimoja cha kushikilia. Wale walioachiwa ndio waliolipa gharama ya hati kukosekana, karibu miaka sita ya maisha. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza baba yake akichukuliwa alikuwa ameshafika la saba.

Hata hivyo hawakwenda nyumbani siku ile. Polisi waliwakamata tena.

Kwa wengi kisa kinaishia hapo. Kwangu kiliamka tena Novemba 2024. Tarehe 16, tarehe ileile ya kuzingirwa kwa mahakama 2005, Besigye alichukuliwa Nairobi alikokwenda kwa uzinduzi wa kitabu. Siku nne baadaye aliletwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye pamoja na Obeid Lutale. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Mabadiliko ni kwamba safari hii hapakuwa na bomu wala maiti wala fainali. Mtu alikuwa mwanasiasa wa upinzani, daktari, mgombea urais mara nne. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, na kesi yake ikahamia mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini. Kufika Juni mwaka huo sheria mpya ya jeshi ilikuwa imesainiwa, ikiwarudisha raia mbele ya mahakama za kijeshi kwa baadhi ya makosa.

Kijana mmoja wa boda boda hapa mtaani aliniuliza wiki ile ya Novemba, “Hajati, kumbe mtu mkubwa hivyo naye anavushwa hivihivi?” Boda boda wenyewe walizaliwa mpakani, Busia, kwa kuwavusha watu na mizigo yao kutoka boda hadi boda. Nikamwambia barabara ni ileile ya 2010. Hakujua ya 2010. Alikuwa na miaka mitano.

Siku hizi ndugu wa mahabusu wakifika kwangu na hadithi ya mtu aliyechukuliwa nchi jirani, sianzi na tafsiri. Nawauliza alichukuliwa tarehe ngapi, nani aliona, namba ya gari ilikuwapo au haikuwapo. Kisha nachukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la nguo, nahesabu miezi miwili mbele kwa ajili ya Arusha, nazungushia siku ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Wengi wanakuwa wameshachelewa. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja akiwa amebakiwa na siku kumi na moja, na hatukukaa hata kunywa chai.